Jicho la Julai

Baba alipoteza jicho la kushoto mwezi wa Machi,
na kwa wiki nyingi akawa anamimina chai mezani,
kando kabisa ya kikombe.
Mama, bila neno, akaanza kutandika gazeti.

Huyu ni Adagala, mpima ardhi,
aliyebeba teodolaiti begani kutoka Chavakali hadi Kaimosi
kama abebaye mtoto mwenye homa,
aliyekuwa akitupa jicho tu na kusema,
"Mkalitusi ule, hatua arobaini na mbili,"
ukaenda na utepe ukakuta arobaini na mbili na shibiri.
Sasa ngazi ya mlangoni inamdanganya.
Sasa anasalimu hewa, mkono wa mgeni uko pembeni.

Nikaja likizo, Mbale kukiwa na matope,
na kompyuta iliyojaa majedwali ya nyota.
"Huko chuoni hasa unafanya nini?"
"Kazi yako, Baba. Napima."
"Unapima nini?"
"Inua kidole mbele ya yale masale ya mpakani.
Kisha funga jicho m—"

Nikanyamaza. Kuku alipita kati yetu, akatazama, akaenda.

Yeye ndiye aliyecheka kwanza.
"Endelea. Mimi nimeshafunga."

Basi nikamwambia: dunia nayo ina jicho moja,
kwa hiyo huhama.
Januari hutazama kutoka upande huu wa jua,
Julai kutoka upande wa pili,
na nyota iliyo karibu huonekana imesogea
mbele ya zile za mbali, kama kidole mbele ya masale.
Imesogea kiasi gani?
Chukua unywele ulioanguka Mombasa,
simama Kisumu,
upime unene wake.

Akapiga mluzi.
"Kwa hewa hii? Yenye moshi wa jikoni na mvuke wa mvua?"
Ndiyo maana chombo kikapelekwa nje ya hewa,
kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa,
kikajizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa saa sita,
nyota zikipita machoni pake, zikirudi, zikipita,
miaka kumi na zaidi,
zikakaribia bilioni mbili,
na hakuna hata moja iliyokutwa imetulia.
Gesi ikaisha. Wakakizima.
Sasa kinazunguka jua bila kuona chochote,
na sisi huku bado tunapalilia hesabu zake.

Hapo alinyamaza, akafuta miwani,
kioo cha kulia, kisha, kwa mazoea, cha kushoto.

"Kama zote zinatembea," akasema, "bikoni yenu ni ipi?"
Nilijua angeuliza. Ni swali la mtu wa mnyororo.
Nikasema tunashikilia mianga ya mbali mno,
ya kale mno, hata mwendo wake hauonekani.
"Hauonekani," akarudia.
"Kegode naye aliapa mbele ya chifu
kwamba lile jiwe halijaonekana likisogea.
Na asubuhi mahindi yangu yalikuwa kwake, mistari miwili."

Usiku ule umeme ulikatika kijiji kizima.
Nikamsikia uani, peke yake, akikohoa.
Nilichungulia: uso ameuinua,
kichwa anakipeleka kushoto, anakirudisha kulia,
kushoto, kulia, kama njiwa kwenye bati.
Nilitaka kumwambia hatua hiyo ni fupi mno,
nyota haitahama kwa upana wa shingo.
Sikumwambia.
Baadaye nikaona hatazami nyota.
Alikuwa anatazama kamba ya nguo,
na nyuma yake ukuta,
na nyuma ya ukuta mkalitusi.

Asubuhi akaketi, akavuta birika.
Kichwa kushoto. Kichwa kulia.
Mama alikuwa tayari ametandika gazeti.
Lilikuwa la Jumanne. Nililisoma lote baadaye,
hata matangazo ya vifo.
Kurasa zote zilikuwa kavu.